Kiholanzi Kushoto, Kiuzbeki Kulia

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa. Bado naamka nikitabasamu. Mashavu yanauma.

Mke wangu Léocadie! Mtoto wa Bukavu! Nikiandika jina lake, kalamu yenyewe inapunguza mwendo. Leo nimemwona kwa dakika kumi na nane. Tano kati ya hizo alikuwa akipiga mswaki. Hata mswaki anaupiga vizuri!

Tatizo ni hili, nalo si dogo. Léo anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Merrylands. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa tisa. Mimi niko zamu ya jioni huko Wetherill Park, kwenye ghala la mabeseni ya vyoo. Natoka saa saba mchana. Nikirudi, amelala. Kwa hiyo ndoa yetu inaendeshwa na friji. Tunaandikiana vikaratasi na kuvibana kwa sumaku ya kangaruu. Wiki iliyopita nilimwandikia shairi la beti tano. Alijibu: Aksanti chéri, nunua vitunguu.

Lakini leo mbingu zimefunguka! Papa Balagizi, mzee wetu pale ghalani, anastaafu Ijumaa ya wiki ijayo. Zamu yake ni ya asubuhi. Saa kumi na mbili hadi saa nane mchana, sawasawa na Léo! Nikiipata, tutaamka pamoja, tutarudi pamoja, tutakula meza moja kama wanandoa wa kwenye matangazo.

Wanaoamua ni wawili. Bakhtiyor, msimamizi wetu, Muuzbeki wa Samarkand, ndiye anayependekeza jina. Bi Marijke, meneja, Mholanzi, ndiye anayetia sahihi. Watatangaza Jumatano ya wiki ijayo.

Mpinzani ni mmoja tu. Cheruiyot! Anaitaka zamu hiyo ili awahi mazoezi ya kwaya jioni. Sauti yake ni ya foklifti inayorudi nyuma. Tena ni bahili. Hubeba chai kwenye chupa, na akikumiminia ni kama anakupimia dawa ya kikohozi.

Nimeshapata mbinu. Pale ghalani kila mtu huzungumza nao Kiingereza. Hakuna aliyewahi kuwasemesha lugha ya mama zao. Nitajifunza Kiholanzi na Kiuzbeki. Zote mbili! Kwa siku tisa! Nilipata C+ ya Kiswahili kidato cha nne, kwa hiyo mambo ya lugha yako damuni.

Nilimpigia Léo simu wakati wa smoko, ndivyo wanavyoyaita mapumziko ya chai huku. Aliniuliza kwa nini nisiende kwa bosi nikamwambia tu kwamba nimeoa na nataka kumwona bibi yangu. Nilicheka hadi nikakohoa. Maskini mpenzi wangu. Hajui kabisa siasa za kazini.

Jumanne, 5 Agosti

Nimenunua daftari. Nimepiga mstari katikati. Kiholanzi kushoto, Kiuzbeki kulia. Nimejifunza kwenye simu tangu Léo alipofunga mlango hadi saa sita na nusu. Sijala. Mapenzi ni chakula. (Baadaye nimekula mkate wote.)

Mambo niliyoyagundua ni makubwa mno. Huenda mimi ndiye mtu wa kwanza duniani kuzilinganisha lugha hizi mbili nikiwa nimevaa taulo.

Kiuzbeki ni ndugu yetu aliyepotea! Kitabu ni kitob. Daftari ni daftar. Wakati ni vaqt. Dunia ni dunyo. Swali ni savol. Subira ni sabr. Mwarabu alipita kwao, akapita na kwetu, akaacha mizigo ileile pande zote mbili. Na mapenzi je? Mapenzi ni muhabbat. Mahaba! Niliposoma hapo nilisimama, nikatembea hadi dirishani, nikaitazama Merrylands yote kwa huruma.

Tena hawana shida ya mwanamume na mwanamke. Yeye ni yeye. Neno moja tu, u. Kama sisi! Na wanapenda kushikanisha. Kitoblarimizda, yaani vitabuni mwetu. Neno moja limebeba ukoo mzima mgongoni, kama neno letu "nitakapokupenda".

Kiholanzi sasa. Kiholanzi ni Kiingereza kilichoteleza ngazini. Kila neno nalifahamu uso, ila limevimba. Herufi yao ya g inasemwa kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Nilifanya mazoezi dirishani. Jirani wa chini alipiga simu kuuliza kama ninahitaji gari la wagonjwa.

Wana ngeli mbili tu, de na het, na nimesoma kwamba hata wageni waliosoma vyuo vikuu huzilalamikia. Mbili! Waje kwetu tuwape zilizobaki. Léo wangu naye anazikanyaga zetu zote kwa raha zake: "kitabu yangu", "viatu ya Muema", Muema ndiye mimi. Katika kinywa chake ni muziki. Mtu mwingine akisema hivyo naumwa.

Jambo moja la ajabu. Muuzbeki hukiweka kitenzi mwisho wa sentensi. Mholanzi naye, akisema "kwa sababu", hukitupa kitenzi mwisho. Kwa hiyo mtu anaweza kukuanzia habari ya mapenzi na usijue mpaka nukta kama anakupenda au anakuacha. Sisi tunasema "nakupenda" na kazi imekwisha.

Nimembandikia Léo kikaratasi kwa Kiuzbeki: Men seni sevaman. Nakupenda. Sikutafsiri. Moyo hauhitaji kamusi.

Jumatano, 6 Agosti

Kwenye friji, kwa mwandiko wake mtamu wa kulala ubavu: Seni Sevaman ni nani, na juu ya nini jina yake iko kwa friji yangu?

Nimetafsiri. Nimechora na moyo. Moyo umetoka kama beseni la choo. Kazi inaniharibu.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya vita. Matokeo: nimepigwa.

Nilimvizia Bi Marijke mlangoni pa ofisi. Nikamshukia kwa Kiholanzi. Habari za mchana. Habari zako. Habari za mumeo. Za watoto. Za mama yako. Za nyumbani. Nilikuwa naelekea kuuliza habari za baiskeli, kwa maana nimesoma kwamba kwao baiskeli ni mtu wa familia. Aliniinulia mkono. Akaniuliza kwa Kiingereza, uso umebadilika rangi, nani ameumia.

Nilimwambia hakuna aliyeumia, ni salamu tu. Akasema ahaa. Akasema dag. Akaingia ndani. Nilipoangalia daftari nikaona kwamba dag ndiyo salamu yao yote. Wakija, dag. Wakiondoka, dag.

Nikasema sawa, nimeelewa, watu hawa wanapenda ufupi. Nikakutana na Bakhtiyor kati ya rafu ya nne na ya tano. Nikamwambia salom, nikapita zangu kwa haraka ya kikazi. Nilipogeuka, alikuwa bado amesimama palepale, mkono kifuani, ananingojea. Alikuwa anangoja zilizobaki! Kwao salamu ni kama kwetu Kitui. Huendi popote kabla hujauliza afya, kazi, watu wa nyumbani, uchovu, na kama kila mmoja wao yu salama.

Kwa hiyo dawa zilikuwa sahihi, ila wagonjwa nimewabadilisha. Nimeandika daftarini: Salamu ya Kiholanzi ni msumari, gonga mara moja, ondoka. Salamu ya Kiuzbeki ni shuka, lazima ikunjuliwe pembe zote nne.

Cheruiyot aliona yote akiwa juu ya foklifti. Aliniuliza, bwana harusi, unagombea kiti gani, useme mapema tukule pesa ya kampeni.

Mwalimu wangu wa kidato cha nne aliandika kwenye ripoti yangu: "Bidii nyingi, mwelekeo hamna." Mtu mwenye wivu sana, mwalimu yule.

Ijumaa, 8 Agosti

Ushindi! Ushindi mara mbili!

Bi Marijke alipita. Nikasema dag. Basi. Akajibu dag, na nadhani kona moja ya mdomo ilipanda.

Kisha Bakhtiyor. Nikaweka mkono kifuani. Nikaita Bakhtiyor-aka, yaani kaka Bakhtiyor, ndivyo wanavyomwita mkubwa. Nikakunjua shuka yote. Uzima, kazi, nyumbani, amani. Alifumba macho kama mtu anayesikia wimbo wa utotoni. Akanijibu yote, kisha akaniuliza na yeye yote. Tulichukua dakika sita. Mkanda wa mabeseni ulisimama. Lori lilipiga honi. Hakuna aliyejali!

Kwa kuwa chuma kilikuwa moto, nikakiponda. Nikawaalika wote wawili nyumbani kwangu, Jumapili, saa tisa, chai. Bakhtiyor alisema mwaliko wa nyumbani ni jambo kubwa. Bi Marijke alitoa simu, akauliza kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Nikamwambia aje tu. Akasema "aje tu" haiandikiki kwenye kalenda yake. Akaandika tisa hadi kumi.

Cheruiyot alisikia. Akaniuliza kama na yeye amealikwa. Nikamwambia nyumba ni ndogo. Akasema hakuna shida, hata hivyo chai ya maharusi huwa na sukari nyingi.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku nzima na Léo, sokoni na jikoni! Amefunga kitambaa kichwani. Nimekata vitunguu na kulia machozi, nikamwambia ni ya furaha. Yote mawili yalikuwa kweli.

Aliniuliza kama najua wageni wangu wanakunywaje na wanakulaje. Akasema pale kazini, mzee mpya akiletwa, jambo la kwanza ni kumuuliza: chai au kahawa, kikombe kikubwa au kidogo, chumvi au hapana. "Uulize mutu tu, chéri. Kinywa haiko ya kubusu peke yake."

Nikambusu. Nikamwambia ukarimu hauna lugha. Mama yangu alinifundisha: kikombe cha mgeni hujazwa mpaka kimwagikie kisahani. Ukimpa mgeni nusu kikombe, umemwambia tukutane barabarani. Na sahani? Mgeni akiona meza, umempunja.

Tumepika sahani tisa. Pilau, kuku, chapati, sambusa, mandazi, maharage, samaki, sombe ya Léo, yaani kisamvu, na muthokoi wa kwetu, mahindi yaliyokobolewa. Meza haionekani. Mama angelia.

Jumapili, 10 Agosti

Ninaandika nikiwa bado na harufu ya pilau na heshima.

Saa tisa kamili kengele ikalia. Si na dakika moja. Kamili! Mimi nilikuwa nimevaa aproni na soksi moja. Bi Marijke mlangoni na chungu kidogo cha maua. Nikasema dag. Akasema dag. Mwanzo mzuri!

Aliiangalia meza. Akauliza wengine wanafika saa ngapi. Nikamwambia ni yeye na Bakhtiyor tu. Akaihesabu tena. Akauliza kama kuna kahawa. Nikamwambia kuna chai, na nikamjazia. Akasema amekwisha kula chakula cha mchana. Nikamwekea pilau. Akasema asante, inatosha. Nikamwekea kuku. Kila alipoacha kutafuna, nilimwongezea. Saa kumi kamili alisimama kwa kushika meza. Nikamsukumia kontena la chapati ndani ya mkoba. Alikataa mara mbili, kama mtu mwenye adabu. Mara ya tatu aliniangalia tu.

Bakhtiyor alifika saa tisa na dakika arobaini, na mkate wa duara mkubwa kama usukani, ameubeba kwa mikono miwili. Hakuwa amekula tangu asubuhi. Alikula kila kitu! Hata muthokoi! Léo alikuwa akimsimulia habari za Bukavu, yeye habari za Samarkand, na nikaona zamu ya asubuhi inaniita kwa jina.

Ndipo nikaleta chai. Nikamjazia mpaka ukingoni. Mpaka kisahani! Aliiangalia. Akaniangalia. Akainywa polepole. Nikamjazia tena, mpaka ukingoni. Akaweka kijiko chini. Nikamjazia ya tatu, ikamwagikia kitambaa cha meza. Akainywa yote, kwa kuungua. Akasimama, akaweka mkono kifuani, akatuombea heri ya ndoa, akaenda. Macho yalikuwa yamelowa.

Nimemwambia Léo: umeona? Mtu mzima ameguswa hadi machozi. Léo alisema yeye ameona mtu mwenye ulimi uliobabuka. Halafu akasema Bakhtiyor alikuwa katikati ya hadithi ya nyanya yake, na mtu hakati hadithi ya nyanya yake hivyohivyo.

Léo ni mrembo sana anapokosea.

Jumatatu, 11 Agosti

Cheruiyot amejimaliza! Lazima niandike haraka kabla sijasahau hata sekunde moja.

Smoko. Bakhtiyor kaketi peke yake. Cheruiyot akaenda na chupa yake. Akamiminia kikombe cha msimamizi wetu nusu. Nusu! Hata nusu haikufika. Matone! Ubahili wake wote, mchana kweupe, mbele ya bosi! Nilifunika uso kwa kofia ya usalama kwa ajili ya aibu yake. Bakhtiyor akanywa. Cheruiyot akamwongezea matone mengine, huku akiitikisa chupa aone imebaki kiasi gani. Wakaendelea hivyo, matone kwa matone, mapumziko yote. Nilimwona Bakhtiyor akicheka na kuweka mkono kifuani. Anamvumilia tu. Watu wa Samarkand ni waungwana.

Nilipomsalimu, shuka nzima, pembe zote nne, alijibu pembe mbili. Kachoka. Jumatatu.

Nimemwandikia Léo kwenye friji: Malkia, keshokutwa tutakuwa watu wa asubuhi.

Jumatano, 13 Agosti

Cheruiyot.

Jina lake limebandikwa ubaoni kwa wino mweusi. Sina la kuongeza. Nitaongeza.

Bi Marijke aliniita ofisini. Hakunizungusha. Waholanzi hawana mlango wa nyuma, unaingizwa sebuleni moja kwa moja. Alisema mimi ni mfanyakazi mzuri na mke wangu ni mtu wa kupendeza. Alisema kwao mgeni hupewa kahawa na biskuti moja, kisha kopo la biskuti hufungwa. Alisema sahani tisa wiki ya maamuzi zinamtia wasiwasi, na mtu akisikia atadhani alinunuliwa kwa chapati. Kwa hiyo, hata jina langu lingemfikia, angelazimika kulikataa. Akanirudishia kontena. Limeoshwa. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikauliza, "jina langu lingemfikia" maana yake nini? Akasema halikumfikia.

Nikaenda kwa Papa Balagizi, maana amefanya kazi na Bakhtiyor miaka tisa. Nikamweleza chai yangu yote. Nilipofika kwenye kisahani, alishika beseni kwa mikono miwili asianguke. Alicheka hadi watu wa rafu ya tisa wakaja kuangalia. "Muema, mwanangu! Umefukuza mutu!"

Kwa Wauzbeki, mwenye nyumba humpa mgeni chai kidogo tu kikombeni. Kadiri ilivyo kidogo, ndivyo heshima ilivyo kubwa. Maana yake: kaa, nataka kuinuka tena na tena kukuhudumia. Kikombe kikijazwa hadi ukingoni, maana yake: kunywa, uende zako. Nimemwambia Bakhtiyor-aka aende zake mara tatu. Mara ya tatu nimemwambia hadi kwenye kitambaa cha meza. Mwenyewe alimwambia Papa Balagizi kwamba hana kinyongo, ila anayefanya zamu ya asubuhi hushinda naye siku nzima, na ni dhahiri Muema hapendi kukaa naye.

Na Cheruiyot? Bakhtiyor amesema hajawahi kuheshimiwa hivyo tangu aondoke Samarkand.

Siku tisa nimelinganisha lugha hizi mbili. Vitenzi, viambishi, ngeli. Kumbe tofauti haikuwa daftarini. Mholanzi atakwambia jambo usoni, lote, na nukta yake. Muuzbeki atakwambia kwa kikombe. Na mimi nilikuwa nahesabu herufi.

Nilikwenda kumwomba Bakhtiyor radhi. Alinikumbatia. Alisema ingekuwa juu yake, angeandika upya. Lakini Bi Marijke ametia sahihi, na sahihi ya Mholanzi haifutiki.

Ijumaa, 15 Agosti

Keki ya kumuaga Papa Balagizi. Nilikula kipande kimoja kwa huzuni. Vingine vitatu kwa kawaida.

Cheruiyot alinipa mkono. Alisema hakupanga lolote, chai ilikuwa inamwishia tu. Akanikaribisha nije kumsikia akiimba kwenye kwaya. Adhabu juu ya adhabu.

Kwenye friji sikuandika shairi. Niliandika: Samahani, mpenzi. Nimeshindwa. Vitunguu vipo.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku ya thelathini na tano ya ndoa. Nzuri kuliko zote!

Léo alinipakulia uji, akaketi mbele yangu, akaniambia kwamba kuanzia Jumatatu atafanya zamu ya jioni. Nilidhani naota. Nikamuuliza amefanyaje. Amejifunza lugha gani? Amepika nini?

Alisema jana alimwendea bosi wake, nesi mkuu, Bi Aketch. Akamwambia: dada, nimeolewa, sionani na bwana yangu, naomba zamu ya jioni. Bi Aketch akasema sawa. Akasema kuna msichana aliyekuwa akiililia ya asubuhi. Akasema wajaribu wiki mbili, akiridhika atatia sahihi iwe ya kudumu.

Basi. Sentensi moja. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa.

Kwa hiyo tutaamka pamoja! Tutapanda basi moja saa saba mchana hadi anaposhukia, kisha mimi nitaendelea, nikimpungia mkono dirishani hadi nimpoteze! Nililia kwenye uji. Léo alisema uji ulikuwa unakosa chumvi, sasa iko bien.

Jumapili, 17 Agosti

Léo ameenda kanisani kupanga viti, atarudi alasiri. Kwenye friji, chini ya kangaruu, ameacha kikaratasi: Muema wangu, Bi Aketch hajatia sahihi. Wiki mbili. Tafazali usialike mutu.

Nimeisoma mara tatu. Mwandiko wake! Ile "tafazali" inavyolala!

Lakini mwanamume hawezi kupokea zawadi kubwa hivi na kukaa kimya. Nimepata namba ya Bi Aketch kwenye ratiba ya kazi ya Léo. Nimempigia. Mama mcheshi sana, wa Kisumu, Mjaluo kamili, ana sauti ya kujaza uwanja. Anakuja leo saa tisa. Amesema hatakula mchana, maana anajua Wakenya tukialikana inavyokuwa. Léo atafurahi mno akimkuta mezani.

Na safari hii sibahatishi. Nimelipitia daftari lote, kushoto na kulia. Makosa yangu yamenifunza. Mlangoni, salamu ya Kiholanzi: neno moja, basi, nisimchoshe kwa habari za watu wa nyumbani. Mezani, biskuti moja kwenye kisahani, kisha nafunga kopo, asije akadhani nainunua sahihi yake. Na chai, heshima ya Samarkand: chini ya nusu kikombe. Matone! Cheruiyot ameniazima chupa yake.

Saa nane na nusu sasa. Naona nusu kikombe bado ni nyingi kwa mama wa heshima kama yule. Nitampa robo.